Uzi maalumu: Maarifa ya jumla kwa wanaojiandaa na usaili wa Utumishi, tuanzie hapahapa Kusini

#1 Njomba wa Chikongola

Wakuu, Mtwara kuchele! Na ninyi wa ng'ambo ya Lukuledi, hamjambo?

Majina ya kuitwa kwenye usaili yakishatoka tu, kinachofuata huku kwetu ni kurushiana madesa, yaani karatasi za maswali na majibu ya kukariri. Lipo moja linazunguka kwenye magrupu ya Mtwara mjini na Masasi, limepigwa kopi mpaka herufi zimefifia. Ukurasa wa kwanza linasema Makamu wa Rais ni Dkt. Philip Mpango, Waziri Mkuu ni Kassim Majaliwa, Spika ni Dkt. Tulia Ackson. Vijana wanakariri, tena wanasahihishana kwa desa hilohilo. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 hakuna hata mmoja kati yao aliyebaki kwenye kiti hicho. Makamu wa Rais ni Dkt. Emmanuel Nchimbi, Waziri Mkuu ni Dkt. Mwigulu Nchemba, Spika ni Mussa Azzan Zungu. Jaji Mkuu alibadilika hata kabla ya uchaguzi: Juni 2025 George Masaju alipokea kijiti kwa Profesa Ibrahim Juma. Kwa hiyo hilo desa lifungieni vitumbua.

Sikuja na desa jipya. Haya majina nayo yatabadilika, na aliyekariri jina peke yake atabaki na jina. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wa Kusini tuna bahati ambayo hatuitumii. Sehemu kubwa ya historia, uchumi na utawala wa nchi hii imepita kwenye ardhi tunayoikanyaga. Shika kitu kimoja unachokijua kwa macho, iwe korosho, bomba la gesi, magofu ya Kilwa, mabaki ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru au kaburi la Mzee Mkapa pale Lupaso, halafu kifuate: kina sheria gani, nani anakisimamia, kilianza lini, kwa nini. Ukimaliza vitu vinne vitano vya namna hiyo umeshapita katikati ya maswali mengi bila kukariri orodha.

Mfano wa haraka. Mkapa ni Rais wa Awamu ya Tatu, 1995 hadi 2005. Wakati wake ndipo TRA ilipoanza kazi, Julai 1996. Wakati wake ndipo ilipotungwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, sheria ileile inayokuleta wewe kwenye chumba cha usaili. Ikarekebishwa 2007, awamu ya Kikwete, na marekebisho hayo ndiyo yaliyozaa Sekretarieti ya Ajira. Aliyeshika mlolongo huo hababaiki popote watakapomkatia swali.

Karibuni. Kila mmoja alete cha kwao.

#2 Temeke Mwisho wa Lami

Njomba, heshima yako. Ila mimi kada yangu ni uhasibu. Mchujo wetu maswali ni ya uhasibu. Huyo mjusi wenu wa Tendaguru ananihusu nini?

#3 Njomba wa Chikongola

Mkuu wa Temeke, sikatai. Mchujo wa kada ya taaluma maswali mengi ni ya taaluma, na asiyejua debiti na krediti Kinjeketile hamwokoi. Ila usaili hauishii kwenye mchujo. Kwenye mahojiano unakaa mbele ya watu wazima ambao wanaweza kukuuliza mwaka wa fedha wa Serikali unaanza lini, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inakwenda kwa nani, au hiyo taasisi unayoiomba iko chini ya wizara gani. Kuna watu wameomba kazi kwenye mamlaka fulani na hawajui hata sheria iliyoianzisha. Na kada za chini, watendaji wa vijiji, makatibu mahususi, wasaidizi wa kumbukumbu, huko maarifa ya jumla na utawala ndiyo uwanja wenyewe.

Mjusi tutamfikia, usiwe na haraka.

#4 Binti Mikindani

Kaka Njomba, asante kwa uzi. Naomba kuuliza. Majina ya viongozi yananichanganya sana, leo yupo huyu, kesho katenguliwa. Mtu asiyekariri anafanyaje?

#5 Njomba wa Chikongola

Dada yangu, jifunze jinsi mtu anavyofika kwenye kiti, jina litajileta lenyewe.

Chukua Waziri Mkuu. Ibara ya 51 ya Katiba ya 1977 inasema Rais atamteua ndani ya siku 14 tangu ashike madaraka, awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni, wa chama chenye wabunge wengi, na hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Sasa tazama tarehe: Rais Samia aliapishwa 3 Novemba 2025, Bunge likampata Spika 11 Novemba, na jina la Mwigulu likapelekwa na kuthibitishwa 13 Novemba. Unaona hesabu inavyokaa? Na hapohapo umepata jibu la swali la mtego: je, mbunge wa viti maalumu anaweza kuwa Waziri Mkuu? Hawezi, kwa sababu hana jimbo. Mbunge wa kuteuliwa na Rais vilevile.

Chukua urais wenyewe. Magufuli alifariki 17 Machi 2021, Samia akaapishwa 19 Machi. Si kwamba watu walikaa wakachagua. Ni Ibara ya 37(5): kiti kikiwa wazi, Makamu anaapishwa na kumalizia muda uliobaki, kisha analeta jina la Makamu mpya bungeni. Halafu soma Ibara ya 40(4), wengi hawaifiki. Makamu aliyerithi kiti kwa miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu; akirithi kwa chini ya miaka mitatu, anaruhusiwa mara mbili. Ukiulizwa hilo ukajibu na ibara yake, msaili anainua macho kutoka kwenye karatasi.

#6 Kilwa Damu

Nimekaa mbele kabisa. Wa Kilwa tusisahauliwe.

Swali linaloangusha wageni, na wenyeji pia: Songo Songo na Songo Mnara. Vyote ni visiwa, vyote viko Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Songo Songo ni cha gesi. Iligunduliwa pale 1974, na ndiyo gesi asilia ya kwanza kugunduliwa nchini, ikaanza kuzalisha umeme Ubungo 2004. Songo Mnara ni cha magofu, ndugu yake Kilwa Kisiwani, na viwili hivyo viliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO wakaviweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu kuta zilikuwa zinamomonyoka na bahari inakula ufukwe. Baada ya ukarabati vikaondolewa humo 2014. Mtu akikwambia gesi ya Songo Mnara, mcheke taratibu.

Na Kilwa zenyewe ni tatu. Kisiwani ni kule kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ambako Ibn Battuta alifika 1331 akakuta mji umeshiba biashara ya dhahabu ya Sofala. Kivinje ni mji wa zama za Wajerumani. Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya.

Urithi wa Dunia nchini ni maeneo saba: Ngorongoro, Serengeti, Kilwa na Songo Mnara, Selous, Kilimanjaro, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na michoro ya miambani ya Kondoa. Lindi tunalo moja zima na kipande cha jingine, maana Selous imefika mpaka Liwale. Angalieni hapo pia: 2019 sehemu kubwa ya pori la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Madesa ya zamani hayana hiyo.

#7 Mwalimu Mstaafu Nachingwea

Vijana wangu, nawasoma. Nyote mmeiruka Majimaji, na aliyeandika kabla yangu ni wa Kilwa!

Ukiwauliza watoto Vita vya Majimaji vilianzia wapi, watasema Songea, kwa sababu makumbusho yako Songea na machifu wa Kingoni walinyongwa kule Februari 1906. Vita vilianzia Umatumbi, kijiji cha Nandete, Kilwa, Julai 1905. Watu waling'oa miche ya pamba. Kung'oa miche si jambo dogo. Pamba ile walilimishwa kwa lazima kwenye shamba la jumbe, malipo hakuna au ya kudhihaki, na kodi ya kichwa iko palepale. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa dawa ya maji, lakini kikubwa alichowapa ni umoja: Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni, wote upande mmoja. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vikaendelea bila yeye mpaka 1907. Kilichoua watu wengi zaidi kilikuwa njaa, baada ya askari wa Gavana von Götzen kuchoma mashamba na maghala.

Mkiulizwa sababu, mkiulizwa matokeo, mkiulizwa kwa nini makabila yaliungana, jibu liko hapo. Msiandike "walikosa silaha bora" mkaishia hapo kama wanafunzi wa darasa la saba.

Ya pili ni ya hapa kwangu Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Wakaleta matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kung'oa miti. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi uligeuka saruji, mvua hawakuisoma, wenyeji hawakuwauliza. Mwaka 1951 wakaufunga, pesa za walipa kodi wao zimezama. Sisi tulibaki na Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ya kutoka bandarini mpaka Nachingwea ambayo nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo mkisikia mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, jueni reli Kusini si ndoto ya jana.

Ya tatu nitaitaja tu. Mashamba yale na majengo yake ndiyo baadaye yakawa kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO, akina Samora Machel. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam 25 Juni 1962, Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Tarehe na mwezi vinafanana, inasaidia kukumbuka. Kamati ya Ukombozi ya OAU nayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam, tangu 1963.

#8 Binti Mikindani

Shikamoo Mwalimu. Hii ya Bandari ya Mtwara kujengwa kwa sababu ya karanga sikuwahi kuisikia, na naiona meli kila msimu wa korosho.

#9 Mwalimu Mstaafu Nachingwea

Marahaba mwanangu. Na wewe wa Mikindani usiondoke bila ya kwenu: Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara hapo, 1866.

#10 Mkorosho wa Tandahimba

Hapa kwenye korosho niachieni mimi, maana nyumba yetu yote imesoma kwa korosho.

Mkulima anapeleka gunia zake AMCOS ya kijiji, yaani chama cha msingi cha ushirika. Zinapimwa, anapewa stakabadhi. AMCOS inasafirisha mpaka ghala kuu, zinapangwa madaraja, daraja la kwanza na la pili. Chama kikuu kinatangaza mnada: kwa Mtwara, Masasi na Nanyumbu ni MAMCU, Tandahimba na Newala ni TANECU, Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, Lindi Mwambao wana cha kwao. Siku ya mnada wanunuzi wanaweka bei, wakulima wanasomewa, wakikubali zinauzwa, wakikataa zinarudi kusubiri mnada mwingine. Miaka hii mnada unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Pesa inaingia benki baada ya makato. Hapo kwenye makato ndipo makelele ya kila msimu, mengine ya haki kabisa.

Sasa igeuze iwe maswali. Mfumo unaitwaje? Stakabadhi ghalani. Sheria? Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya 2005. Uliingia kwenye korosho lini? Msimu wa 2007/08, ukianzia huku kwetu. Msimamizi wa zao? Bodi ya Korosho Tanzania, makao makuu Mtwara, chini ya Wizara ya Kilimo, Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009. Utafiti? TARI Naliendele, kilomita chache kutoka mjini. Tukio kubwa? Novemba 2018 wanunuzi walipoleta bei ya chini, Serikali ilinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba.

Kada ya Afisa Ushirika au Afisa Kilimo akose hapo, atajieleza vipi nyumbani?

#11 Temeke Mwisho wa Lami

Hii ya korosho nimeielewa. Hebu na gesi. Nataka nijue bomba linatoka wapi, maana sisi ndio tunaopikia.

#12 Msimbati Pwani

Linatoka kwetu, mkuu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, visima viko Msimbati, Halmashauri ya Mtwara. Inasafishwa kiwanda cha Madimba. Songo Songo nayo ina kiwanda chake, na mistari miwili inakutana Somanga, Kilwa, kisha bomba moja linakwenda Kinyerezi, Dar es Salaam. Kikwete alilizindua Oktoba 2015. Wakati linaanza kujengwa hapa hapakukalika, mwisho wa 2012 na mwaka 2013 watu waliandamana wakitaka gesi ichakatwe na umeme uzalishwe hukuhuku. Mnaweza kuulizwa manufaa ya rasilimali kwa wenyeji. Someni ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri, na uwajibikaji wa kampuni kwa jamii uliotajwa kwenye Sheria ya Petroli ya 2015.

Akiba ya gesi iliyogunduliwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57.54. Kati ya hizo trilioni 47.13 ziko kina kirefu cha bahari, na 10.41 ziko nchi kavu na maji mafupi. Tunayotumia sasa yote ni ya hilo fungu dogo. Ile kubwa ya baharini ndiyo inayosubiri mradi wa kusindika gesi kimiminika, LNG, pale Likong'o, Lindi. Tafadhali msiandike kwamba kiwanda kimejengwa. Mazungumzo na kampuni, Equinor na Shell wakiwa mbele, yamechukua miaka.

TPDC ndiyo shirika la taifa la petroli, PURA inadhibiti mkondo wa juu (utafutaji na uchimbaji), EWURA wa kati na wa chini (kusafirisha na kusambaza). Hao watatu watu huwachanganya sana.

#13 Njomba wa Chikongola

Msimbati umemaliza. Naongeza la umeme kwa sababu linakaa jirani. Kwa miaka mingi gesi yetu ndiyo iliyokuwa inabeba zaidi ya nusu ya umeme wa gridi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limebadilisha picha: mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, wa mwisho ulikamilika 2025. Zidisha mwenyewe uone, wanapenda kuweka 2,100 au 2,151 kwenye machaguo.

Miradi mingine mijue kwa mstari mmoja mmoja: treni ya SGR Dar es Salaam hadi Dodoma ilizinduliwa 1 Agosti 2024, Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

#14 Nanyumbu Mpakani

Na Daraja la Umoja je? Linaunganisha Mtambaswala na Msumbiji juu ya Mto Ruvuma, mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 na Kikwete na Guebuza.

Hapo pana mtego wa jumuiya. Ukivuka daraja umetoka Afrika Mashariki? Msumbiji hayumo EAC, yumo SADC. Sisi tumo kote kuwili, kama Kongo ya Kinshasa (DRC). EAC makao makuu Arusha, wanachama wanane: sisi, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo, na Somalia aliyeingia mwisho. SADC wako 16, makao Gaborone. Na COMESA tulijitoa 2000, bado kuna watu wanatuandika humo.

#15 Ruangwa Stendi

Samahani wakuu, niulize wazi. Kwenye mahojiano wakigusia uchaguzi wa 2025 na yaliyotokea siku ile na siku zilizofuata, mtu unajibuje? Mimi ninayo maoni yangu.

#16 Afisa Masijala

Maoni yako ni haki yako, mdogo wangu, ila kile chumba hakikukuita kwa ajili hiyo. Jibu kilicho kwenye rekodi: uchaguzi ulisimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, iliyopata sura hiyo kwa sheria ya 2024; vurugu na vifo vilitokea; Rais akaunda tume ya uchunguzi Novemba 2025 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Usiseme hakuna kilichotokea, maana si kweli. Usigeuke mwanaharakati wala mpiga debe. Mtumishi wa umma anahudumia raia wa vyama vyote na wasio na chama, na wanataka kuona kama unalijua hilo.

Nikiwa hapohapo niseme la kada zote. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma zina misingi minane, na mimi nashangaa watu wanajua urefu wa Mlima Kilimanjaro lakini hii hawaijui: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Kuitaja tu haitoshi. Watakwambia: mwananchi kafika masijala, anataka kuona jalada la jirani yake kuhusu kiwanja, na anakupa elfu kumi "ya maji". Umegusa misingi mingapi hapo? Matumizi ya taarifa, uadilifu, upendeleo, sheria. Mweleze utaratibu wa kuomba taarifa kwa maandishi kupitia kwa mkuu wako, pesa usiipokee, na rushwa inaripotiwa TAKUKURU. Jibu la namna hiyo lina uzito kuliko kutiririsha minane yote.

Mengine ya haraka: kipindi cha majaribio ni miezi 12. Kustaafu kwa hiari miaka 55, kwa lazima 60. Upimaji wa utendaji ulikuwa OPRAS, sasa ni PEPMIS kwa mtumishi na PIPMIS kwa taasisi. Usiseme OPRAS kwamba ndiyo inayotumika. Viongozi wanajaza tamko la mali Sekretarieti ya Maadili, ambayo si Sekretarieti ya Ajira. Na walio karibu na Chuo cha Utumishi wa Umma tawi la Mtwara, Kanuni za Kudumu za 2009 mtazipata hapo maktaba, msome sura za likizo, nidhamu na safari za kikazi.

#17 Ruangwa Stendi

Nimekuelewa kaka. Asante.

#18 Binti Mikindani

Na Dira 2050? Naiona kila mahali.

#19 Njomba wa Chikongola

Ilizinduliwa Dodoma 17 Julai 2025, inachukua nafasi ya Dira 2025, utekelezaji kuanzia Julai 2026. Lengo kubwa ni uchumi wa dola trilioni moja na wastani wa dola 7,000 kwa mtu kwa mwaka ifikapo 2050. Nguzo ni tatu: uchumi imara, jumuishi na shindani, uwezo wa watu na maendeleo ya jamii, uhifadhi wa mazingira na kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Wakiuliza mfano wa hiyo nguzo ya tatu, mtu wa Kusini huna haja ya kwenda mbali: Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika Somanga, mikoa miwili ikabaki kisiwa. Waambie hivyo, halafu uunganishe na miundombinu inayohimili.

Mjusi wa mkuu wa Temeke: mabaki yake yalichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 na Wajerumani, wapagazi na wachimbaji wakiwa watu wa huku. Yamesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Swali lake linaweza kuja kwa sura ya malikale zilizo nje ya nchi.

Sasa jipimeni, bila kufungua simu upande wa pili. Mkoa wa Lindi ulianzishwa mwaka gani na ulimegwa kutoka mkoa gani? Tanzania ina mikoa mingapi, Bara na Zanzibar, na upi wa mwisho kuundwa? Sensa ya 2022 ilifanyika lini na tulikuwa wangapi? Bajeti ya 2025/26 ni shilingi ngapi? CAG anampelekea nani ripoti?

#20 Temeke Mwisho wa Lami

Lindi 1961, imetoka Mtwara. Mikoa 31, Bara 26 na Zanzibar 5, wa mwisho Songwe, 2016. Sensa 23 Agosti 2022, watu 61,741,120. Bajeti trilioni 56.49. CAG anampelekea Spika.

#21 Kilwa Damu

Mhasibu amekosa la CAG! Tumeisha.

#22 Njomba wa Chikongola

Matatu safi, moja nusu, moja sifuri. Lindi ni kweli ilimegwa kutoka Mtwara, ila ni 1971.

CAG, mkuu, nenda Ibara ya 143. Anamkabidhi Rais, kwa desturi ni mwisho wa Machi. Rais ndiye anayeelekeza ipelekwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze. Rais asipofanya hivyo, hapo ndipo CAG anaweza kumpelekea Spika moja kwa moja. Kwa sasa CAG ni Charles Kichere. Likiulizwa kwa wahasibu huwa linaendelea: kisha ripoti inakwenda kamati gani? Kamati za Bunge za hesabu: PAC kwa Serikali Kuu na mashirika, LAAC kwa halmashauri.

#23 Temeke Mwisho wa Lami

Sawa njomba, nimekubali. Swali moja la mwisho: cheti changu cha kidato cha nne kina jina la katikati, cha chuo hakina. Nifanyeje?

#24 Afisa Masijala

Nenda kwa wakili leo hii, utengeneze hati ya kiapo ya majina isajiliwe, uingie nayo. Pia beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi hata ukilia. Kitambulisho: NIDA, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, kimoja kinatosha, ila jina lisomeke sawasawa na lililo kwenye tangazo la kuitwa.